Mke Mwenza wa Kamera

"Zima taa, mwezi upo!" alisema Mwinshehe Pazi aliyesimama juu ya sinia, akakusanya pindo za kanzu yake kama mtu anayeogopa upepo usije ukaichakaza bure.

Mwinshehe Pazi mwingine, yule wa nyama na mifupa, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na bakora mapajani, akasonya.

"Huyo si mimi," alisema. "Huyo ni Birika."

Fundi Evodia hakubisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, aliyeizoea kazi yake kama mwosha maiti anavyoizoea yake. Alipitisha kiganja juu ya sinia, na yule mzee wa mwanga akanyamaza, mdomo umebaki wazi.

"Tumjaribu kwa jambo la nyumbani," alisema. "Muulize kitu ambacho mtu wa nyumbani angekuuliza."

Mwinshehe alijikohoza. Kuongea na sura yake mwenyewe kulimtia haya, kama kukutwa unajisemesha chooni. "Mwamvua ana homa kali," alisema hatimaye. "Tufanyeje?"

Yule mzee wa mwanga, kaimu wake, alikuna kidevu. Akafikiri. Macho yakamng'aa.

"Homa kali? Basi msiwashe jiko leo. Tengeni birika la chai kwenye paji la uso wake!"

Nyuma ya pazia, wateja waliokuwa wakisubiri zamu zao wakaangua kicheko. Walikuwa watu wa misiba, wamekuja na picha na nguo za marehemu wao, na bado walicheka. Mwinshehe alikijua kicheko hicho. Alikuwa amekiishi zaidi ya miaka thelathini, kila Alhamisi jioni, nchi nzima ikiwa imekaa mbele ya televisheni kumtazama akiigiza bahili Birika, akihesabu punje za mchele. Mwenye duka mgumu wa kutoa chenji aliitwa Birika. Hata muuguzi aliyempima moyo mwezi uliopita, akaona unavyosuasua, alimwambia, "Pole, Mzee Birika, itabidi uanze kuubania na huo moyo."

Ndiyo maana alikuja Pugu, kwenye karakana hii. Moyo ulikuwa umempa ilani. Alitaka akiondoka, wajukuu wabaki na kaimu wake sebuleni, kama nyumba nyingine zilivyobaki na wa kwao. Alimtaka kaimu wa Mwinshehe.

"Mama," alimwambia fundi, akijitahidi asipandishe sauti, "mtoto wangu aliumwa kweli. Mimi ningesema maneno yale?"

"Sijui ungesema nini, mzee. Na yeye hajui. Kaimu hatungi, hiyo ndiyo sheria yetu. Anasema tu ulichosema wewe, siku fulani, mahali fulani. Anachagua na kupanga, basi. Angekuwa anatunga, nani angemwamini?" Evodia alivuta kiti, akakaa karibu. "Nimetafuta kila mahali palipo na sura yako. Za Birika ni maelfu. Za nyumbani nimepata chache, na unajua ninazo za namna gani? Umelala kwenye kochi. Umelala mkekani. Kuna moja umelala harusini, na shada la maua mkononi."

"Nilikuwa natoka kazini."

"Najua, mzee."

"Sasa wiki nzima nimekuja hapa kukaa mbele ya kamera yenu, kuzungumza kama mimi. Ile imekwenda wapi?"

Fundi alisita. "Imo. Mashine imeichukua yote. Imeiweka kwa Birika."

Mwinshehe alisimama, bakora ikaanguka. Hasira ilimpanda mpaka kwenye masikio, na kwa kuwa hakuwa na wa kumtupia, alimtupia mfu.

"Mbona mke wangu alitoka vizuri? Chausiku hakupenda kamera hata kidogo. Simu ikitolewa, yeye ndiye anayeishika awapige wenzake picha. Lakini kaimu wake pale kwa binti yangu anacheka, anakaripia, ana methali kwa kila sahani ya wali. Mlimfanya hapa hapa. Kwa nini yeye ni yeye, na mimi ni chekesho?"

"Sikumtengeneza mimi, alitengenezwa na aliyenitangulia. Ila kila sentensi ya kaimu ina chimbuko lake, na linatazamika. Nikutafutie ipi?"

Haikumchukua muda kuchagua. Ilikuwapo moja tu aliyokuwa akiishi nayo. Kila Ijumaa, baada ya sala, alikwenda kwa binti yake Mwamvua, akamsalimu kaimu wa mkewe, na kaimu akamwambia maneno yale yale, naye akarudi kwake akalala usingizi wa mtu asiyedaiwa. Hakuwahi kumsimulia mtu yeyote. Sasa aliyasema mbele ya mgeni, taratibu, kama anayevua shati kwa daktari.

"'Kazi ndiyo aliyoioa, mimi ni mke mwenza tu. Nimemsamehe.'"

Evodia aligusa ukingo wa sinia. Birika akayeyuka, na mahali pake ukatokea uwanja wa nyumba ya Mwinshehe, wanawake wamekaa mikekani, masufuria ya msiba yanafuka nyuma yao. Picha ilitikisika, mpigaji alikuwa akicheka. Katikati ya uwanja alisimama Chausiku, kanga yake ya zambarau kichwani, miwani yake puani, mkono kiunoni kama kawaida yake. "Msimpige mawe akifika," alisema kwa sauti ya Chausiku. "Kazi ndiyo aliyoioa, mimi ni mke mwenza tu. Nimemsamehe. Mpeni ubwabwa ale."

Lakini huo ulikuwa msiba wa Chausiku mwenyewe.

Mwinshehe aliinama mpaka mwanga ukamgusa uso. Kanga ilipepea kidogo, na chini yake, kifuani mwa blauzi, zikameta pini za fundi cherehani, zimechomekwa kwa safu. Katika maisha yake yote alimjua mtu mmoja tu aliyetembea na pini kifuani hata msikitini.

"Kalunde," alisema.

"Nani?"

"Mtani wangu. Mnyamwezi. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, msibani kwangu ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza. Ndiyo desturi, watu wacheke kidogo, machozi yapumzike. Ndiye aliyenishonea kanzu zote za Birika." Alijishika ukingo wa meza. "Ilikuwa siku ya maziko. Mimi sikuwapo. Nilikuwa Lushoto kwenye kurekodi, mvua imekata barabara. Nilifika kesho yake."

Evodia aliinamia sinia. Alikuwa akisoma mwangani, na kadiri alivyosoma ndivyo uso ulivyomshuka. "Mashine imemwona mwanamke mwenye kanga ya marehemu, sauti ya marehemu, uwanjani kwa marehemu," alisema. "Imemchukua kuwa ndiye. Na si sentensi hiyo tu, mzee. Kicheko. Methali. Yale makaripio ya viatu mlangoni."

"Mkimtoa Kalunde, kinabaki nini?"

"Yanabaki maneno ya aliyeshika simu. 'Sogeeni kidogo.' 'Cheka basi.' 'Mwanga hapo mbaya.'" Alizima sinia. "Kosa nimeshaliona, siwezi kujifanya sikuliona. Lazima niwaulize wenye marehemu: tumsafishe, au tumwache alivyo? Mkubali wote wawili, wewe na binti yako. Nyie ndio wenye mtu wenu."

*

Kalunde alikuwa barazani kwake Mongolandege, anapinda mapazia ya harusi, mdomo umejaa pini. Alimwona Mwinshehe akishuka kwenye gari, gari likaondoka lenyewe kwenda kutafuta abiria mwingine.

"Karibu, mtumwa wangu!" alipaza sauti kupitia upenyo wa pini. "Nimeanza kusikia harufu ya nazi tangu upo njia panda, nikajua tu, Mzaramo huyo, na njaa yake!"

Siku nyingine angejibiwa kwamba Wanyamwezi walizoea kubeba mizigo hata leo wanabeba maneno. Mwinshehe alikaa tu kwenye benchi. Kalunde akazitoa pini mdomoni moja moja. Mtani asiyejibu ni mgonjwa.

"Ulivaa kanga ya mke wangu," alisema Mwinshehe.

"Nilivaa. Na miwani yake, na ndala zake, zikanibana vidole siku tatu. Ni haki yangu. Alipokufa babu yako, bibi yangu alishuka kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Leo miaka sita ndiyo unakuja kudai kanga?"

"Ulisema amenisamehe."

"Aa." Kalunde aliweka pazia chini. "Hilo."

Alitazama mtaani kidogo kabla ya kuendelea, na aliporudi utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Shemeji zako walikuwa wamekaa langoni na fimbo. Walikuwa wameapa hutatia mguu mle ndani. Dada yao amekata roho anakutaja, na wewe uko milimani unaigiza bahili anayelilia mbuzi wake. Niliwasihi kama Kalunde, hawakunisikia. Nikaingia ndani, nikavaa, nikatoka nikiwa yeye. Walicheka, Mwinshehe. Mkubwa wao alicheka mpaka akadondosha fimbo. Kicheko kile ndicho kilichokufungulia lango. Wewe ulipofika kesho yake ukapewa ubwabwa, ulidhani ni kwa uzuri wa sura yako?"

"Yeye kwa kinywa chake alisema nini?"

"Usiniulize."

"Nakuuliza."

"Nilikaa naye tangu asubuhi. Kila mlango ukilia alifungua macho. Jioni akaniambia, 'Kalunde, nimechoka kuulizia kama amefika.' Akageukia ukutani. Hakusema tena."

Mwinshehe alitikisa kichwa polepole, kama anayepokea mzigo aliokwisha kuuona kwa mbali. Kisha akamweleza habari ya sinia. Kalunde hakuwa na habari. Kwa makaimu hakuwahi kukanyaga. Alisema yeye hawezi kuamkia sinia, sinia ni la kulia pilau. Aliposikia kwamba ndiye anayesimama sebuleni kwa Mwamvua alicheka sana, akajipiga paja. Halafu kicheko kikamkatika.

"Kwa hiyo yule mjukuu wako, Tausi, anayesema bibi yake amemfundisha methali..."

"Ni wewe."

"Mungu wangu." Alichukua pini, akaichomeka kifuani, akaichomoa tena. "Mwinshehe, mimi nilicheza ili watu wacheke, wanawe mikono, warudi makwao. Utani huisha na msiba wake. Nani aliwaambia muuhifadhi?"

*

Mwamvua alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, buti za mhandisi wa maji zimejaa tope. Tausi alikuwa bado madrasa. Sebule ilikuwa kimya, na sinia la mama lilikuwa mahali pake juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Mwinshehe alimweleza binti yake yote akiwa amesimama, kwa sababu alijua akikaa hatayamaliza.

Mwamvua alisikiliza mkoba ukiwa bado begani. Siku ile ya maziko alikuwa amejifungia chumbani, mchezo wa uwanjani hakuuona.

"Ni maneno mangapi?" aliuliza.

"Mengi. Yale mazuri."

"Yale mazuri." Aliurusha mkoba kwenye kochi. "Baba, wewe umekwenda kwa fundi ukaambiwa wewe ni Birika mtupu, ikakuuma. Ndiyo ukaona heri umfukue na mama?"

"Sikwenda kwa ajili hiyo."

"Tausi hakumjua bibi mwingine! Anaamka anamwamkia. Mimi mwenyewe, siku nilizojifungua, nililia hapa chini ya kabati hili, akaniambia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nyanyuka uoge. Nikanyanyuka, nikaoga. Sasa unaniambia nilinyanyuliwa na fundi cherehani?" Sauti yake ilianza kupasuka. "Mama wa kwanza alikufa wewe uko kazini. Huyu wa pili ndiyo umewahi, uje umwue mwenyewe!"

Neno lile lilimpiga Mwinshehe. Alinyanyua mkono, akauweka kifuani, akashusha pumzi, sauti ikamtoka chini, nzito, inayotetemeka.

"Mwanangu..."

"Usiigize."

"Siigizi."

"Huo mkono, baba. Birika aliuweka hapo hapo alipomlilia mbuzi. Niliiona ile, nchi nzima iliiona. Tulikuwa hatujamaliza hata arobaini ya mama, na wewe uko pale unalia vizuri."

Mwinshehe aliutazama mkono. Akaushusha, ukaning'inia kama wa kuazima. Akautia mfukoni, ukakutana na funguo, akautoa. Akaupeleka nyuma ya mgongo, na hapo akakumbuka kwamba hivyo ndivyo Birika alivyosimama akikagua ghala.

"Sasa niuweke wapi?" alifoka, na ilikuwa hasira ya kweli, isiyo na mtindo, mate yakamruka. "Niambie wewe, niuweke wapi! Nimewapa watu kila nilichokuwa nacho. Uso nimewapa, kilio nimewapa, hata kukohoa. Nilidhani vitu hivyo jioni hurudi na mwenyewe nyumbani. Kumbe vilikuwa vinabaki kule, mimi nakuja hapa kulala!"

Mwamvua hakuwahi kumsikia baba yake akifoka hivyo. Birika alifoka kila Alhamisi, lakini Birika hakuwahi kukosa neno la kumalizia. Huyu alikuwa amekwama katikati ya chumba, anahema.

"Miaka sita," alisema, taratibu sasa. "Nakuja hapa kila Ijumaa, mama yako ananisamehe, nakunywa chai yako, naondoka. Wewe unakuwa hapo hapo, umeshika kikombe. Sijawahi kukuuliza wewe."

"Nisingekujibu."

"Najua."

"Hata leo sikujibu."

"Usijibu. Na hilo la kumsafisha sikulazimishi. Ukisema abaki, abaki, nitamwambia fundi nimekataa mimi. Ila nisingeweza kuja Ijumaa hii nikajifanya."

Mwamvua alikwenda kabatini. Alisimama mbele ya sinia kwa muda, kidole kikichezea uzi wa kitambaa. Kisha akakiondoa.

"Assalamu aleikum, mama," alisema.

Chausiku akainuka mwangani, kanga ya zambarau, mkono kiunoni, akamtazama mumewe juu ya miwani. "Kafika? Msimpige mawe," alisema. "Kazi ndiyo aliyoioa, mimi ni mke mwenza tu. Nime..."

"Nyamaza, Kalunde," alisema Mwinshehe.

Mwamvua alijiziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Kicheko kilimtoka puani, kibaya, cha mtu asiyetaka kucheka, na alipojaribu kukizuia ndipo kilipogeuka kilio. Alilia akiwa amempa baba yake mgongo, mikono yote miwili juu ya kabati. Mwinshehe hakumsogelea. Hakujua aende vipi bila kwenda kama mtu fulani.

"Ni yeye," Mwamvua alisema baadaye, akijifuta kwa kitambaa cha kufuma. "Shangazi Kalunde ndiye anayevuta ile 'mke mwenza' namna ile. Nimemsikia mara ngapi? Sasa sitaweza kusikia kingine." Alipenga kamasi. "Mwambie fundi aje amsafishe. Na shangazi aje hapa Jumapili kwa miguu yake, amwambie Tausi mwenyewe methali zake ni za nani."

"Atakuja. Atadai jogoo."

"Tutampa." Akakaa kwenye mkono wa kochi, akaanza kufungua kamba za buti. "Na wewe? Kaimu wako?"

Mwinshehe alikuwa amelifikiria hilo garini, njia nzima. "Waache wamalize kumtengeneza Birika. Ila waandike Birika, jina la Pazi lisiwepo. Tausi akitaka kucheka, amwamshe acheke. Yule angalau hamdanganyi mtu, kila mtu anajua ni mchezo."

*

Evodia alikuja Alhamisi, akafanya kazi yake sebuleni kwa Mwamvua bila maneno mengi. Haikuchukua muda mrefu kama walivyodhani. Alipofungasha vyombo alisema tu, "Msitegemee mengi," akaaga.

Baba na binti wakabaki, mmoja upande wa dirisha, mwingine karibu na mlango wa jikoni, na meza katikati yao. Mwamvua akatoa salamu. Chausiku akainuka. Sasa alikuwa hafifu, amefifia kingo, sura ilionekana nusu tu kwa kuwa ilitoka kwenye vioo na madirisha alikojiona kwa bahati akiwapiga wenzake picha. Simu ilikuwa imeinuliwa mbele ya uso wake.

"Muulize," alisema Mwamvua. "Usije ukasema nilikuzuia."

Mwinshehe alitaka kuuweka mkono kifuani, akauacha. Akafumba macho.

"Chausiku," alisema. "Umenisamehe?"

Sinia lilinguruma kidogo, likitafuta. Lilitafuta muda mrefu katika yote ambayo mwanamke yule alipata kuyasema akiwa hai na simu mkononi, na hilo halikuwamo. Mwinshehe alisikia saa ya ukutani, akasikia watoto wa jirani, akasikia buti la Mwamvua likisugua sakafu.

Kisha sauti ikatoka, ndogo, ya kawaida, ya mtu mwenye kazi mbili kwa wakati mmoja.

"Sogeeni kidogo. Mmekaa mbali mbali, hamtaenea wote."

Hakuna aliyecheka. Mwinshehe alisikia meza ikisukumwa, hatua mbili tatu, halafu bega la binti yake likagusa lake, gumu, bila kuegemea.

"Haya," alisema Chausiku. "Baba Mwamvua, fumbua macho."

Akayafumbua.